Hadithi Mezani: Mwitikio wa Hadhira katika Onyesho la Usimulizi na Mlo wa Jioni, Mji Mkongwe wa Zanzibar

Ikisiri

Makala haya yanahakiki onyesho moja la usimulizi wa hadithi lililofanyika pamoja na mlo wa jioni juu ya paa la nyumba ya zamani, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Swali linaloongoza uhakiki huu si kama onyesho lile lilikuwa la asili au la kuigiza, bali ni nani aliyemwitikia fanani, na kwa namna gani. Hoja kuu ni kwamba hadithi ya Kiswahili hukamilika kwa sauti mbili, ya anayesimulia na ya anayeitika. Onyesho la mezani linaweza kuhifadhi maneno ya hadithi, mavazi ya msimulizi na hata ladha ya chakula, na bado likaipoteza sauti ya pili. Makala yanaonyesha pia kwamba sauti hiyo haikutoweka kabisa usiku ule. Ilisikika mahali ambapo mpangilio wa onyesho haukuitarajia.

1.0 Utangulizi

Maonyesho ya utamaduni yanayouzwa pamoja na chakula si jambo la Zanzibar peke yake. Nchini Australia, kituo cha Tjapukai, kilichoanzishwa Kuranda katika jimbo la Queensland mwaka 1987, kwa miaka mingi kiliwaonyesha wageni ngoma na masimulizi ya Waaborijini, na nyakati za usiku kiliwaandalia mlo. Nchini Kenya, Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 ili ngoma za jamii mbalimbali zionekane mahali pamoja. Kwa upande wa Zanzibar, mambo yalishika kasi baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba nyingi zilizokuwa za matajiri na wafanyabiashara ziligeuzwa hoteli, mapaa yakawa migahawa, na taarabu, ngoma au hadithi zikaingia katika orodha ya vinavyoandaliwa jioni sawa na pilau na samaki wa kupaka.

Wanaozungumzia hali hii aghalabu hugawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba utalii unaua fasihi simulizi kwa kuigeuza bidhaa. Kambi ya pili husema kwamba utalii unaihifadhi, kwa kuwa bila malipo ya wageni wasimulizi wangeacha kazi hiyo. Japokuwa kambi hizi zinapingana, zinakubaliana katika jambo moja: zote huichukulia hadithi kama kitu, ambacho ama kinaharibika ama kinatunzwa. Makala haya yanatilia shaka mtazamo huo. Hadithi si chombo cha shaba kinachoweza kufungiwa kabatini na kutolewa siku ya wageni. Ni tukio baina ya watu, na uzima wake hupimwa kwa yanayopita baina yao.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Mulokozi (1989) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wake, ambamo fanani, hadhira, fani, mahali na wakati hutegemeana. Faida ya maelezo haya ni kwamba yanamzuia mhakiki kuitazama fani peke yake. Hadithi ileile, kwa maneno yaleyale, huwa jambo jingine hadhira, mahali au wakati unapobadilika. Bauman (1977) naye anasisitiza kwamba anayetenda sanaa ya maneno hujitwika dhamana mbele ya hadhira, na hadhira hupata haki ya kumpima. Kwa hiyo hadhira isiyoweza kumpima fanani imempunguzia mzigo, lakini imempunguzia hadhi pia.

Uhakiki huu unaiacha kwa makusudi dhana ya uhalisi kama kipimo chake kikuu. MacCannell (1976) alikwisha kuonyesha jinsi mtalii anavyoutafuta uhalisi na jinsi wenyeji wanavyomtengenezea jukwaa linalofanana nao. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inapoletwa Zanzibar inagonga mwamba wa historia. Taarabu yenyewe, kwa masimulizi yanayokubalika na wengi, ilianza kama burudani ya kasri wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Ilikuwa sanaa ya kuwastarehesha wakubwa na wageni wao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia ya watu wa hali ya chini, aliimba majumbani mwa matajiri, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Hakuna anayesema kwamba sanaa yake ilikufa kwa kuwa alilipwa. Kuitumbuiza karamu ya wenye nacho ni jambo la zamani visiwani. Kinachopaswa kuulizwa ni kama wenye karamu waliweza kumjibu.

Katika suala la Siti jibu liko wazi. Fair (2001) anaeleza jinsi nyimbo zake zilivyotokana na mambo yaliyokuwa yakizungumzwa Ng'ambo: kesi mahakamani, dhuluma, watu waliojulikana kwa majina na kwa sura. Waliomsikiliza walimjua aliyesemwa. Waliweza kucheka, kununa au kuongeza habari. Mwitikio haukuwa pambo la wimbo, bali sehemu ya maana yake.

3.0 Maelezo ya Onyesho

Mtafiti alihudhuria onyesho kama mgeni aliyelipa kiingilio. Kwa kuzingatia maadili ya utafiti, jina la mahali na majina ya watendaji hayatajwi. Onyesho lilianza baada ya sala ya Isha. Wageni walipanda ngazi nyembamba za mbao hadi juu ya paa, wakavua viatu na kuketi juu ya mikeka na mito, kila kundi likiwa limeizunguka sinia yake. Upande mmoja walikaa wapigaji watatu, wa udi, fidla na dumbaki. Kutoka pale paani yalionekana mapaa ya mabati ya majirani na sehemu ya bahari.

Msimulizi alikuwa mtu wa makamo, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Alisimulia kwa Kiingereza, lakini alifungua hadithi kwa Kiswahili. Aliwafundisha wageni kwamba yeye akisema "Paukwa!" wao wajibu "Pakawa!", akawajaribu mara kadhaa, wakaitika kwa vicheko na makofi. Kisha akasimulia kisa cha Kima na Papa. Hadithi iligawanywa katika vipande vitatu, na baada ya kila kipande chakula kililetwa: kwanza supu na sambusa, kisha pilau, samaki na kachumbari, na mwisho halua na kahawa. Wapigaji walijaza nafasi zilizobaki.

4.0 Uchambuzi

4.1 Mlo na Wakati wa Hadithi

Jambo la kwanza linalohitaji kuangaliwa ni mpangilio wa chakula na maneno. Katika nyumba nyingi za Unguja hadithi za usiku zilisimuliwa watu wakishakula. Vyombo vilikwisha kuondolewa, mikono ilikwisha kunawa, na watoto walikuwa wakingojea. Chakula kilitangulia ili kinywa kiwe huru kwa ajili ya kuitika. Katika onyesho hili chakula na hadithi viligombea kinywa kimoja. Fanani aliporudi kwenye kipande cha pili na kupaza "Paukwa!", wageni wengi walikuwa wakitafuna. Waliojibu walijibu kwa sauti ndogo, kama watu wanaoomba radhi. Katika kipande cha tatu hakuita tena. Aliingia moja kwa moja katika masimulizi.

Si haki kuwalaumu wageni kwa hili. Walifanya walichoalikwa kukifanya. Ila ni vizuri kulinganisha na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, unaoadhimishwa kila mwaka mwezi Julai. Hapo pia kuna wageni, kuna maonyesho na kuna chakula. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba wakiwa wamejipamba. Baadaye watu huenda kula majumbani, na wenyeji huona kuwa si heri kwa nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Tofauti iko katika deni. Kule Makunduchi chakula humfanya mgeni awe na wajibu kwa mwenyeji wake. Pale paani, chakula kilikuwa kimekwisha kulipiwa, na mgeni hakudaiwa lolote, hata jibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa onyesho la mezani huondoka kabla siku ya tatu haijafika, na jembe lake, yaani wajibu wa kushiriki, hubaki ukutani.

4.2 Hadithi Iliyokatwa

Kisa cha Kima na Papa ni cha kale na kina jamaa katika mapokeo ya India na ya Kiarabu. Kwa Kiswahili kilichapishwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa hadithi alizozipata Unguja, uliotolewa London mwaka 1870, ambamo kinaitwa kisa cha punda wa dobi. Kima na Papa ni marafiki. Kima humtupia Papa matunda ya mkuyu ulioinamia bahari. Siku moja Papa anamwalika Kima kwake, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba ameuacha moyo wake mtini, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo kima wote wanapotembea. Papa anamrudisha. Kima anapanda mtini na kunyamaza.

Fanani wetu aliishia hapo. Wageni walicheka, walipiga makofi, na halua ikaletwa. Lakini kisa kilichomo katika mkusanyo wa Steere hakiishii hapo, na jina lake linathibitisha hivyo. Papa anamwita Kima ashuke waende zao. Kima anamuuliza kama amemdhania kuwa punda wa dobi. Papa hajui punda huyo ni nani, anauliza, na ndipo Kima anapomsimulia habari za punda aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, kisha akakubali kurejeshwa mara ya pili na sungura, akauawa. Sungura akala moyo na masikio ya yule punda, na simba alipovidai akaambiwa kwamba punda huyo hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Upunguzaji huu unaweza kutetewa kwa sababu ya muda, na fanani yeyote ana haki ya kufupisha. Hata hivyo, kilichokatwa ndicho kilichobeba uzito wa hadithi. Bila ya punda, kisa kinakuwa cha mjanja aliyemshinda mjinga, na funzo lake ni jepesi. Akiwepo punda, kisa kinahusu mtu anayealikwa mara ya pili mahali alipoponea mara ya kwanza. Aidha, sehemu iliyokatwa imejengwa kwa swali la msikilizaji. Hadithi ya ndani isingesimuliwa kama Papa asingeuliza. Kwa maneno mengine, kisa hiki kinabeba ndani yake mfano wa uhusiano wa fanani na hadhira: mmoja anatoa fumbo, mwingine anakiri kutojua na kuuliza, na kutokana na swali hilo hadithi inazaliwa upya. Onyesho lililopoteza mwitikio wa nje limepoteza pia mwitikio uliokuwa ndani ya hadithi. Si rahisi kuamini kwamba mambo haya mawili yametokea kwa sadfa. Hadithi inayosimuliwa kwa watu wasiouliza hujifupisha yenyewe hadi mahali pasipohitaji swali.

4.3 Tunzo na Tiketi

Suala la malipo linaifafanua hoja hii zaidi. Katika taarabu, msikilizaji huinuka, hutembea kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji na kumtunza fedha. Askew (2002) anaonyesha kwamba kitendo hiki ni zaidi ya kulipa. Anayetunza huchagua mshororo wa kuinukia, na kwa uchaguzi huo huwaambia waliohudhuria kwamba maneno yale ni yake, au yanamhusu mtu fulani aliyeketi humo ukumbini. Fedha inakuwa njia ya kusema. Mwimbaji naye hujua mara moja neno lipi limechoma.

Tiketi haina uwezo huo. Hulipwa kabla ya neno la kwanza kutamkwa, na kiasi chake ni kilekile kwa hadithi nzuri na kwa hadithi mbovu. Usiku ule mgeni mmoja aliinuka wakati wa wimbo akaweka noti mbele ya mpiga udi. Alifanya hivyo kwa nia njema, lakini wimbo ulikuwa umekwisha na wapigaji walikuwa wakikaza nyuzi. Kwa mazoea ya taarabu, tunzo ile haikujibu neno lolote. Ilikuwa sadaka. Hapa ndipo hoja ya kambi ya pili, kwamba fedha za wageni huihifadhi sanaa, inapohitaji kurekebishwa. Fedha humhifadhi msanii, na hilo si dogo. Mhakiki asiye na mchango katika riziki ya fanani hana haki ya kuidharau. Lakini sanaa haihifadhiwi na fedha isiyosema kitu.

4.4 Hadhira Mbili

Uchambuzi ungeishia hapa, hitimisho lingekuwa la huzuni na lisilo na jipya. Kuna jambo jingine lililotokea. Karibu na mlango wa ngazi walisimama wahudumu, wanaume na wanawake, wakingoja kuondoa vyombo. Mara mbili au tatu fanani alichomeka maneno ya Kiswahili katikati ya Kiingereza chake, maneno ambayo hayakuwa na lazima kwa wageni. Papa alipomwalika Kima, fanani alitaja aina ya mwaliko unaotolewa siku za harusi na watu wenye haja zao. Wageni hawakusikia kitu. Mlangoni paliangua kicheko, na mama mmoja aliyeshika sinia akamjibu, "Wa kwetu huo!" Fanani akamgeukia kidogo, akaendelea.

Baada ya makofi ya mwisho, wakati halua inagawiwa, kijana mmoja aliyekuwa akikusanya sahani aliinama karibu na fanani akauliza, "Na punda je, mzee?" Fanani alicheka. "Punda hajaalikwa leo, mwanangu," alisema, akakipokea kikombe chake cha kahawa.

Tukio hili dogo linabadilisha tathmini ya onyesho zima. Kwanza, linathibitisha kwamba fanani anaijua hadithi kwa ukamilifu wake na kwamba ukataji ule ulikuwa wa hiari. Pili, linaonyesha kwamba palikuwa na hadhira mbili juu ya paa lile: moja iliyolipa, ambayo onyesho lilipangwa kwa ajili yake, na nyingine iliyolipwa, ambayo haikuhesabiwa katika mpangilio wowote lakini ndiyo pekee iliyokuwa na uwezo wa kumpima fanani. Swali la kijana yule ni swali lilelile la Papa. Ni mwitikio katika maana yake kamili: anajua kuna kilichobaki na anakidai. Tatu, linaonyesha kwamba fanani mwenyewe aliihitaji hadhira hiyo. Vichomekeo vyake vya Kiswahili havikuwa na mteja mezani. Vilikuwa na msikilizaji mlangoni.

5.0 Nafasi ya Mtafiti

Haitakuwa uaminifu kuwahukumu wageni bila kuueleza mwenendo wa mtafiti mwenyewe. Mtafiti anaijua Paukwa tangu utotoni. Kipande cha pili kilipofunguliwa na wito ukapwaya, yeye hakuitika. Alikuwa akiandika katika daftari kwamba wito umepwaya. Alijua pia habari za punda wa dobi na hakuziulizia. Alizihifadhi kwa ajili ya makala. Kwa hiyo kalamu ilifanya kazi ileile iliyofanywa na kijiko: ilikishughulisha kiungo ambacho kilipaswa kujibu. Uhakiki wa utendaji unaomtazama fanani bila kumwitikia una kasoro ya aina moja na onyesho unaloliona kuwa na kasoro. Watafiti wa fasihi simulizi wanaoingia uwandani wakiwa na vinasa sauti na kamera wangefaa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa data wanayoipata hutegemea jinsi walivyokaa na kama walifungua midomo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba udhaifu wa onyesho lililochunguzwa hautokani na kulipiwa, wala na kuwepo kwa wageni, wala na lugha ya Kiingereza peke yake. Unatokana na mpangilio unaokijaza kinywa cha hadhira wakati kinapohitajika, unaopokea malipo kabla ya neno, na unaomruhusu fanani aondoe sehemu ya hadithi inayodai swali. Marekebisho yake si makubwa. Chakula kinaweza kutangulia na hadithi ikafuata vyombo vikishaondolewa. Wahudumu wanaweza kualikwa kukaa na kuitika, kwa kuwa hadhira isiyojua hujifunza kuitika kwa kusikia wanaojua wakiitika. Na hadithi inaweza kusimuliwa hadi mwisho, punda akiwemo.

Kima alinusurika kwa kudai kwamba moyo wake haukuwa safarini pamoja naye. Wapo watakaosema kwamba wasimulizi wa Mji Mkongwe nao hufanya hivyo: huenda kwenye karamu na kuuacha moyo nyumbani. Ushahidi wa usiku ule hauungi mkono kauli hiyo. Moyo wa hadithi ulikuwepo pale paani, umesimama mlangoni na sinia mkononi, ukingoja kuulizwa.